Jina Lililongoja Pumzi

Msimu wa mvua uliopita tulimzika Kavira, jirani yangu wa ujana, Mnande wa Butembo aliyeletwa Goma na lori la mumewe na hakurudi tena kwao. Matanga yalikuwa Katoyi, kwa binti yake, chini ya turubai lililokuwa linajaa maji katikati na kumwagika kila upepo ulipolitikisa. Nilikaa na wazee wenzangu nikinywa chai, sisikilizi mahubiri, kwa kuwa mhubiri yule anaipenda sauti yake kuliko anavyompenda Mungu. Pembeni yetu alikaa mjukuu wa Kavira, kijana anayechimba madini ya koltani kule Masisi. Alikuwa anakohoa, kikohozi kikavu, kifupi, kisichotoa kitu, na kila baada ya maneno machache alisimama kuvuta pumzi kama mtu anayepanda mlima, naye amekaa kwenye kiti. Nikamwona mama mmoja wa kugawa chai anachukua kikombe cha kijana yule, anakiweka chini ya meza mbali na vingine, na kumwambia mwenzake kwa sauti aliyodhani mimi kizee sitaisikia: “Ile kikombe usiichanganye na zingine. Ile kifua yake haiko ya bure.” Sijui ni kitu gani kilinipanda kichwani. Niliinama, nikakitoa kikombe, nikanywa chai yote iliyobaki ndani yake mbele ya macho yao. Binti wa Kavira akashika mdomo. “Koko, unafanya nini?” aliniuliza, maana kwetu bibi ndiye koko. Nikamjibu kwamba ninakunywa chai. Wakasema uzee umeniingia, na hawakukosea sana, maana nilifanya jambo la kijinga: huenda kijana yule ana kifua kikuu kweli, na kama anacho, siku hizi dawa zipo. Nilimwambia binti wa Kavira wampeleke akapimwe makohozi na kupigwa picha ya kifua, na waganga wa hospitali waambiwe amefanya kazi gani. Hilo la mwisho nililirudia mara kadhaa, mpaka akadhani nagombana naye.

Nilikuwa nagombana, ila si na yeye. Kuna mwaka mmoja wa maisha yangu ambao sijawahi kumsimulia mtu kwa ukamilifu, na Kavira ndiye aliyekuwa shahidi wangu wa mwisho. Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, Wabelgiji bado wamekaa kwenye nyumba zao kando ya ziwa, na sisi tumekaa huku juu kwenye mawe ya volkano, sehemu ambazo leo ni Mabanga na wakati ule zilikuwa mawe na majani tu. Mambo ya ukoo wetu nayaacha. Nani alimzaa nani, nani alikuja na ng'ombe wangapi, hayo waulizeni wanaume. Mimi nilikuwa msichana aliyeolewa karibuni, mwenye mimba ya kwanza, ninayekaa katika nyumba ya mbao ya vyumba viwili. Chini hapakuwa na sakafu ila kokoto nyeusi za volkano, kwa hiyo kila mguu wa meza na wa kitanda uliwekewa kibao ili usiyumbe. Baridi ilikuwa inapanda kutoka kwenye mawe yale na kuingia miguuni. Chumba cha mbele kilinuka maharagwe na moshi, cha nyuma kilinuka sabuni, na katikati palikuwa na pazia nililolishona mwenyewe kwa kitambaa cha maua, nikiringa nalo kuliko mwanamke mwenye nyumba ya matofali.

Mume wangu, Sebastiani, alikuwa anafanya kazi machimboni, milimani huko magharibi ya Masisi, chini ya ardhi, akishika ile mashine ya upepo inayotoboa mwamba. Kampuni siitaji, na wakubwa wake hawanisikii huko waliko. Alipokuja likizo alirudi mweupe kwa vumbi kichwani kama mzee, na vumbi lile lilikuwa sifa. Kijana aliyerudi mweupe alionekana kuwa ana kazi ya kweli, na wasichana walimtazama. Mimi mwenyewe nilimtazama hivyo kabla hajanioa. Alikuwa mtu wa kucheka. Kavira alipomtania kwamba Wahutu na Watutsi na Wahunde wote wanajua kuchunga na kulima ila yeye anajua kutoboa matundu kama panya, Sebastiani alikuwa anacheka mpaka anapiga meza. Mwaka ule alishuka kwenye lori kwa kushikwa mkono. Wamempumzisha, alisema. Usiku ule ule Kavira alikuja na utani wake ule ule, na Sebastiani akaanza kucheka, kicheko kikakatika katikati, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, mabega yamepanda, midomo imekuwa na rangi ya majivu. Tukangoja. Kavira hakumtania tena.

Kwenye dispanseri walimsikiliza mgongo, wakamuuliza kama anakonda, kama anatoka jasho usiku, kama anakohoa. Anakonda, ndiyo. Anakohoa, ndiyo. Wakasema kifua kikuu. Hakuna aliyemuuliza alikuwa anavuta nini huko chini ya ardhi, na sisi hatukuwa na akili ya kulisema bila kuulizwa, kwa sababu vumbi la kazi nani angelihesabu kuwa ugonjwa? Ulikuwa mwaka wa sindano. Kila siku alishuka mpaka dispanseri na kupanda tena, na kwa kuwa mteremko ule sisi tuliupita tukiimba, ilinichukua muda kuelewa kwa nini yeye anarudi jua likiwa limesogea sana. Nilimfuata siku moja. Alikuwa anatembea kidogo anakaa juu ya jiwe, anatembea kidogo anakaa, na kila alipokaa alijifanya kufunga kamba ya kiatu ili wapitao wasijue. Nilirudi nyumbani kwa njia nyingine, nikalia nyuma ya pazia langu la maua.

Mama mkwe alishuka kutoka Masisi alipopata habari. Alikuja na kibuyu cha maziwa yaliyoganda kichwani, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye kuamrisha, na kabla hajaketi aliuliza mgonjwa analala wapi. Nikamwonyesha kitanda chetu. Akatikisa kichwa. Siku ile ile aliita vijana wa jirani, wakajenga kibanda cha miti na majani nyuma ya nyumba, na mwanawe akahamishiwa huko. Msimwone katili. Alikuwa amezika watoto wawili waliokufa kwa kifua, wote walikuwa wanalala naye kitanda kimoja, na aliwaambia waganga, mapadri na mimi, kila aliyekuwa na masikio, kwamba hatazika wa tatu na mjukuu juu yake. Kwao, mtu mwenye ugonjwa wa kifua hanywi kutoka kibuyu cha nyumba, kwa maana ng'ombe nao watakohoa na maziwa yatakauka. Kwa hiyo alimmiminia Sebastiani sehemu yake ndani ya kopo tupu la siagi, akaliweka chini mlangoni pa kibanda na kurudi nyuma. Sebastiani alilitazama lile kopo. “Mama, hata maziwa?” Akamjibu, “Hata maziwa, mutoto yangu. Ng'ombe haziko na kosa.” Kisha akavuta kitambaa chake puani na mdomoni, akakifunga nyuma ya kichwa, na kuanzia siku ile mwanawe hakuuona tena uso wake mzima.

Na kwa kuwa alimpenda, alimwashia moto. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba lilifanywa kwa upendo mtupu. Goma ni baridi, na kila mtu kwetu anajua kifua kinataka joto na moshi wa mkalitusi, moshi ule mchungu unaotoa machozi. Wanasema unasafisha ndani. Mama mkwe alikata majani mabichi kila asubuhi, akayaweka juu ya makaa ndani ya kibanda kisicho na dirisha, akafunga mlango kwa mkeka. Kutoka jikoni nilisikia mume wangu anakohoa humo ndani kama mtu anayepigwa. “Inatoka,” mama mkwe alikuwa ananiambia, huku macho yake yenyewe yamejaa machozi. “Sikia, ugonjwa njo inatoka vile.” Hakikutoka kitu. Ncha za vidole vya Sebastiani zikaanza kuvimba na kucha kupinda. Halafu masikio. Sindano zile zilimletea kengele masikioni, kwanza kidogo, kisha mchana kutwa, na baadaye kengele zikanyamaza na dunia yote ikanyamaza nazo. Ukitaka akusikie ilibidi upige kelele, na kupiga kelele ilibidi umkaribie, na kumkaribia ilikuwa marufuku. Nilikuwa nasimama uani na tumbo langu, nikimwonyesha kwa mikono kwamba chakula ni viazi.

Mtoto alizaliwa mvua zilipokuwa zinaanza, mvulana mwenye kelele nyingi. Kavira alimpokea kwa mikono yake, akanitania kwamba huyu amechukua mapafu yote ya nyumba hii, kisha akajishika mdomo kwa aibu, nami nikacheka kwa sababu nilikuwa nimechoka mno kulia. Padri alimbatiza Yozefu, lakini kwetu jina la padri ni la padri. Jina la nyumba hutolewa na baba. Siku ya nane mtoto huwekwa mikononi mwa baba yake, baba anamtamkia jina lake, mkubwa wa nyumba analipokea kutoka mdomoni mwake na kwenda kulitangaza mlangoni, majirani wanaitikia, watoto wa jirani wanakula. Mtoto asiyepitia hapo bado hajafika. Akifa, na wakati ule watoto wetu walikuwa wanakufa kwa homa ya siku moja, hamjui mnamwita nani katika kilio. Sebastiani hakuwa na baba wala kaka aliye hai, kwa hiyo mkubwa wa nyumba alikuwa mama yake. Siku ya nane ilifika, nilipika maharagwe na ndizi, watoto wa jirani walikuja na kusimama uani na njaa yao, na mama mkwe akasimama kati yangu na kibanda.

“Mama,” nilimwambia, “nimupeleke kidogo tu. Ataweka mikono chini yake, basi.”

“Atamupumulia.”

“Sasa mutoto atabaki bila jina?”

“Bora mutoto bila jina kuliko jina bila mutoto.”

Kavira, ambaye hakuogopa mtu, alipendekeza kwamba Sebastiani aseme jina kutoka huko huko kibandani na sisi tulisikie uani. Alimwendea nusu ya njia na kumpigia kelele wazo lake. Sebastiani alikaa amejiegemeza mlangoni, amefungwa blanketi, na alipoelewa alitikisa kichwa. “Jina haitupwake sawa jiwe,” alisema, akapumzika, “nitamungojea.” Watoto wa jirani walikula wakaenda. Toka siku ile ndani ya nyumba tulimwita mtoto “huyu”. Huyu amelala. Huyu ana njaa. Jambo nililolitaka mwaka ule lilikuwa moja: Sebastiani amshike mtoto wake na kumpa jina kabla hajafa. Maana nilikwisha kujua kwamba atakufa; ukimsikia mtu anapumua hivyo huhitaji kuambiwa. Nilikuwa naomba asife kwanza. Niliomba hata nikiwa naosha masufuria, na sioni haya kusema kwamba siku nyingine sikuwa naomba, nilikuwa namtukana Mungu kwa sauti ya chini.

Nilikuwa dispanseri na mtoto, nimekaa chini ya dirisha nikingoja zamu, niliposikia waganga wawili wanaongea ndani. “Makohozi ya ule mutu wa kibanda tumeangalia tena. Mududu haiko.” Mwingine akauliza, “Basi?” Wa kwanza akajibu kwa sauti ya mtu aliyechoka, “Basi tunaendelea na sindano. Utamuambia nini? Uko na dawa ingine?” Sikuwachukia, sauti ile ilikuwa kama yangu. Lakini nilinyanyuka kabla ya zamu yangu na kumkimbilia Kavira. Mumewe, ambaye lori lake lilikuwa linabeba mizigo ya bandarini, alikuwa amesikia kwamba ng'ambo ya ziwa kuna hospitali yenye mashine ya kupiga picha ndani ya mwili, wanayoiita radio, na daktari ambaye anaitazama picha hiyo kwa muda mrefu kabla ya kusema. Mumewe huyo ndiye aliyetupatia nafasi kwenye meli, kati ya magunia ya kahawa. Mama mkwe alikataa, kisha akakataa tena, kisha akafunga maziwa ya safari kwenye kopo la siagi.

Katika meli Sebastiani alikaa mwisho, mimi nilikaa mbele na mtoto, kwa amri yake mwenyewe. Nilipojaribu kusogea alinyanyua mkono. Alikuwa amefunga mdomo kwa kitambaa na kila pumzi ilikuwa inakivuta kitambaa ndani na kukisukuma nje, haraka haraka, mchana wote. Ziwa lilikuwa zuri siku ile na nililichukia. Abiria walimwona wakajazana upande wangu, na mwanamke mmoja akaniuliza kama namjua mtu yule. Nikasema ni mume wangu. Akasogea mbali na mimi pia.

Daktari alikuwa Mbelgiji mnene, mwenye Kiswahili cha kujifunza kwa wafanyakazi, na kitu cha kwanza alichofanya ni kumwondolea Sebastiani kitambaa mdomoni. Akaweka sikio na chombo chake mgongoni, chini kabisa, akasikiliza. Akashika vidole, akavigeuza, akatazama kucha. Akawasha mshumaa na kumwonyesha kwa ishara aupulize kutoka umbali wa mkono. Sebastiani alipuliza. Mwali uliinama kidogo ukasimama. Akapuliza tena, mishipa ya shingo imetoka, na mwali haukujali. Mume wangu aliyekuwa anaukata mwamba hakuweza kuzima mshumaa, na akanitazama ili aone kama nimeona. Nikajifanya namfunga mtoto mgongoni. Hapo daktari akapiga kelele karibu na sikio lake, swali ambalo kwa mwaka mzima halikuwa limeulizwa: “Ulikuwa unafanya kazi gani?”

Sebastiani alilijibu kwa mikono, ameshika mashine isiyokuwapo, mwili wote unatetemeka nayo.

“Ndani ya shimo? Mulikuwa munamwanga maji juu ya jiwe wakati ya kutoboa?”

“Hapana. Kavu.”

“Vumbi ilikuwa mingi?”

“Taa,” Sebastiani alisema, akavuta pumzi, “hatukuwa tunaona taa.”

Baada ya radio daktari alituweka mbele ya kioo chenye mwanga na kutuonyesha picha. Sikujua kifua kinapaswa kuonekanaje, lakini nilijua hakipaswi kuwa vile, madoa meupe kila mahali kama mtama uliomwagwa sakafuni, na juu madoa yameshikana kuwa mabonge. “Haiko mududu,” daktari aliniambia mimi, kwa kuwa mimi nasikia. “Haiko ile ugonjwa ya kuambukiza. Ni jiwe. Umeona ngozi ya mutu mwenye aliungua na moto? Inapona, lakini inakuwa ngumu, haivutike tena. Mwili yake inafunga kila vumbi na kovu. Sasa kifua yote ni kovu, haiwezi kufunguka.” Nikamuuliza kama mtoto anaweza kukaa naye. “Hata leo. Hata kulala juu yake.” Nikasema Mungu wangu asante, na katika pumzi ile ile nikamuuliza dawa ni ipi. Akazima mwanga wa kioo. Akasema sindano ziachwe, zimemharibu masikio bure. Moshi usimkaribie hata kidogo. Alale ameketi, ale kidogo kidogo, asipate homa ya baridi. Nikasema hayo nimeelewa, lakini dawa. Akasema kovu halina dawa, na kwamba hata akiwa mbali na machimbo litaendelea kukaza lenyewe. Nikauliza mpaka lini, naye akamtazama mtoto badala ya kunitazama mimi. Nimeishi miaka mingi baada ya siku ile, nimefiwa na wengi, na bado sijui jina la hisia niliyokuwa nayo kwenye kile kiti. Nilikuwa nimerudishiwa mume wangu na nimenyang'anywa, kwa mdomo mmoja, na daktari yule alinipa kiberiti chake nimchezeshee mtoto kwa sababu hakuwa na kingine cha kunipa.

Nilidhani nikirudi na maneno yale mambo yamekwisha. Mama mkwe alinisikiliza mpaka mwisho, kitambaa mdomoni. “Ule muzungu,” aliuliza, “njo alizika batoto bangu?” Nikamwambia amepiga picha, nimeiona kwa macho. “Na mimi niliona kwa macho.” Nilimwaga maji kwenye moto wa kibanda, akauwasha, nikaumwagia tena, nikatupa majani ya mkalitusi juu ya ukuta wa mawe, tukakamatana mbele ya majirani, mkwe na mama mkwe, aibu isiyosemeka, mpaka Kavira akaingia kati. Moto haukuwashwa tena. Lakini kuhusu mtoto hakusogea, na kibaya zaidi, Sebastiani naye hakuamini. Nilikwenda mpaka kwake, nikakaa juu ya mkeka wake kwa mara ya kwanza, nikamwambia sikioni. “Kama ule dokteri amejidanganya?” aliniuliza. “Mutoto ni mumoja.” Nilimkasirikia. Mtu anayekufa hatakiwi kukasirikiwa, lakini nilimkasirikia kwa moyo wote, kwa sababu nilikuwa nimemvusha ziwa kutafuta ruhusa na sasa yeye mwenyewe anainyima.

Ikawa hivyo kwa majuma. Alikuwa analala ameketi, ameegemea magunia ya maharagwe, na mbavu zake zilikuwa zinafanya kazi kama mtu anayelima. Nililala pale pembeni yake, mama mkwe analala ndani na mtoto na kuniletea wakati wa kunyonya tu. Alfajiri moja niliamka nikaona midomo yake imekuwa bluu na macho yake hayaniangalii, yanatafuta. Sikufikiri. Niliingia ndani, nikamchukua mtoto kutoka mgongoni mwa mama mkwe aliyekuwa anakoroga uji, nikatoka naye uani. Akanifuata anapiga kelele kwa Kinyarwanda, majirani wakatoka, Kavira akatoka na kijiko mkononi. Nikaingia kibandani na kumweka mtoto juu ya magoti ya baba yake, nikaikamata mikono ya Sebastiani na kuiweka chini ya mgongo wa mtoto kwa nguvu, kama unavyomfundisha mtu kushika kitu. “Mushike,” nilimwambia. “Ukifa bila kumushika sitakulilia.” Nilisema hivyo. Na alimshika. Alimtazama kwa muda mrefu, mtoto akamshika kidole kile kilichovimba na kukitia mdomoni, na Sebastiani hakukitoa.

Midomo yake ikaanza kusema. Mimi nilikuwa karibu na nilisikia, lakini mke hapokei jina, na mama mkwe amesimama nje hatua chache, kitambaa puani. “Anasema nini?” aliuliza. Nikazidi kuishikilia mikono ya Sebastiani chini ya mtoto. “Domitila, anasema nini?” Nikamwambia, “Mama, kuja usikie. Haina sauti ya kufika pale.” Kavira akasema, “Mama, ingia.” Mama mkwe alitazama majirani wote mmoja mmoja, kama anayetafuta wa kumwambia hapana. Kisha aliinama chini ya majani ya mlango, akapiga magoti, na kwa kuwa kitambaa kilimfunika na masikio, akakifungua. Akaweka sikio mdomoni mwa mwanawe. Sebastiani alimwambia, na nadhani alimwambia mara mbili, maana pumzi ilikatika katikati. Mama mkwe hakuinuka. Alibaki vile vile, sikio limegusa midomo, macho amefumba, muda mrefu baada ya jina kwisha kusemwa, akipokea pumzi zile fupi shavuni moja baada ya nyingine.

Alipoinuka alisimama mlangoni, mgongo ukiwa kwetu, akalitangaza: Ndagijimana. Ni jina la wachungaji, maana yake nimemkabidhi Mungu anichungie, kama mtu anayesafiri anavyomwachia mwenzake ng'ombe zake. Aliliita kwa kifua chote, mpaka majirani wa mbali wakaitikia kwa vigelegele, akaliita tena. Sebastiani alikuwa ananiangalia. “Amesema?” aliniuliza. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. “Batu banasikia?” Ndiyo. Hakusikia hata kidogo. Akamwachia mtoto mkono mmoja, akaunyoosha ule mwingine, akaweka kiganja mgongoni mwa mama yake, na kukiacha pale wakati mama anaita, jina likitetema chini ya kiganja chake.